Aya ya Tisa

Nilifika.

Neno hilo nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu. Nilifika penye theluji, nilifika penye vita, nilifika kwa watu wanaokula bila kusema na kwa watu wanaozika kwa ngoma, na kila nilipofika nilitoa daftari kabla sijavua viatu. Miaka thelathini ya kazi, nchi arobaini na moja, pasipoti nne zilizojaa mihuri mpaka kwenye majalada. Chini ya kila kichwa cha habari gazeti langu liliandika "Na Mwandishi Wetu", basi, bila jina, kana kwamba mimi ni mali ya ofisi, kabati au saa ya ukutani. Sikulalamika hata siku moja. Kutokuwa na jina kulinipa uhuru ambao wafalme hawana: niliweza kuwa popote. Na kwa kuwa niliweza kuwa popote, siku moja, miaka kumi na tisa iliyopita, niliandika kwamba nilifika mahali ambapo sikufika.

Nalisema mapema ili nipumue. Sasa sikilizeni, maana mpaka sasa mwili unanisisimka nikikumbuka yaliyofuata!

Nilikuwa katika mji wa ugenini, nchi ya arobaini na moja, natafuta mahali pa kunywa chai. Nikakata kona. Badala ya mkahawa nikajikuta juu ya daraja. Nililitambua palepale, kwa sababu nililitengeneza mimi: daraja la kamba na mbao, upana wa mtu mmoja, linaning'inia juu ya mto unaonguruma. Daraja kama hilo halipo duniani. Nililibuni kwa sababu lile la kweli, la saruji, lilikuwa limesombwa na maji nami nilihitaji kuvuka kwenye karatasi. Mbao zililia chini ya miguu yangu. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kama mwehu, kwa hofu na furaha zilizochanganyika nikashindwa kuzitenga.

Ng'ambo kulikuwa na meza, na nyuma ya meza ofisa. Alikuwa na kofia na masharubu. Kati ya kofia na masharubu hapakuwa na kitu cha kukumbuka.

"Karibu tena," alisema.

"Tena? Mimi sijawahi kufika hapa."

"Acha utani, mzee. Imeandikwa umefika." Akavuta saraka ya meza, akatoa gazeti lililopauka, akasoma kwa kidole: "'Nilifika baada ya kuvuka daraja lililoning'inia kama kwa uzi, maji yakinguruma chini ya viatu vyangu vya ngozi ya kahawia.' Viatu si hivyo?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi ya kahawia ambavyo nilivitupa miaka kumi na mitano nyuma, soli zilipoachana na juu.

"Ndivyo," nikasema.

"Basi pita. Leo Alhamisi, saa nne asubuhi."

"Na kesho?"

Masharubu yalicheza kidogo. "Kesho hukuiandika."

Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa wapi, na ni haki msomaji aelewe pamoja nami. Miaka kumi na tisa iliyopita nilitumwa kuandika habari za mji mmoja ulio ng'ambo ya mto. Nilifika upande wa huku nikakuta daraja limekwenda na mafuriko. Nikakaa katika nyumba ya wageni, saa ya ukutani ikisema saa nne asubuhi ya Alhamisi, na mhariri wangu, Bwana Mshindo, akipiga simu kila baada ya muda kuuliza kama nimefika. Dereva aliyenileta, mtu mmoja anaitwa Mponda, alikuwa anaujua mji ule. Wakati tunakula alinisimulia mawili matatu: soko lao lilivyo, nyumba zao, na mwanamke mmoja, Bi Somoe, muuza vitumbua mbele ya kituo cha treni kando ya mto, ambaye binti yake aliondoka, naye hutazama kila treni. Hayo tu. Nikaenda chumbani nikaandika aya tisa. Niseme kweli, uongo mzuri una raha ambayo ukweli mzuri hauna, kwa sababu hakuna anayekukatiza. Habari ile ilisifiwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilipewa cheti chenye fremu ya dhahabu, na kipande cha gazeti nimekibeba katika pochi mpaka leo.

Nikaingia mjini.

Ee bwana! Jamani! Kila nilichokiandika kilikuwepo, na nisichokiandika hakikuwepo. Nyumba zilikuwa na mbele tu, milango ya nakshi na kuta za chokaa. Nilipochungulia pembeni niliona weupe mtupu, weupe wa karatasi. Soko lilinuka samaki na iliki, kwa sababu kila soko nililowahi kuliandika linanuka samaki na iliki, nayo ile harufu ilikuwa imesimama mahali pamoja kama nguzo, unapita katikati yake unatoka upande wa pili. Ng'ombe mmoja hakuwa na kivuli. Niliandika juu ya jua lakini vivuli nilivisahau.

Watoto waliniona wakanikimbilia. Niliwaandika katika aya ya tatu: "Licha ya shida zote, watoto wa hapa hutabasamu." Walikuwa wakitabasamu. Walisimama mbele yangu safu nzima, meno nje, na juu ya yale matabasamu macho yao yalikuwa yamechoka kupita kiasi. Msichana mmoja alikuwa ameshika taya lake kwa mikono miwili.

"Linauma?" nilimuuliza.

"Sana," alisema kwa tabasamu.

Mlango ukafunguka, mwanamume akatokea, mnene, amefunga shuka. Aya ya tano: "Ni watu wakarimu mno, mgeni hapiti bila kukaribishwa." Alinyoosha mkono kuelekea ndani huku jasho likimtoka.

"Karibu ndani, ndugu yangu, karibu sana," alisema. Kisha akapunguza sauti. "Nakuomba ukatae. Nimekaribisha wapita njia miaka kumi na tisa, hata mlango wenyewe sijaufunga. Mke wangu hana nyumba, ana njia ya watu."

Nikakataa. Alikaribia kulia kwa shukrani, na bado akasema karibu, karibu, mpaka nilipopotea machoni pake.

Nani alinipa kazi hii? Nilijiuliza huku nakwenda, na swali lilikuwa linanipanda kichwani kama pombe. Nani alimpa mtu mmoja ruhusa ya kufika kwa niaba ya maelfu waliokaa nyumbani wanakunywa chai? Nilidhani kuandika ni kuona. Nilidhani naona, naandika, naondoka, nao wanaendelea kuishi kama kawaida. Nchi arobaini na moja. Wangapi wamesimama huko nilikowaacha? Yule mzee wa nchi ya chumvi niliyemwita "mwenye uso wa mawe". Wale wavuvi wa barafu niliowaita "watu wasiojua haraka", kumbe labda walikuwa wanaharakishia mazishi, sikuuliza. Yule bibi arusi niliyeandika kwamba alilia kwa furaha. Nilijuaje ni furaha? Nilikuwa na dakika ishirini na tumbo la kuendesha. Mimi ni nani? Mwandishi wao, waliokaa nyumbani? Mbona hawa ndio wanaovijua viatu vyangu?

Barabara kuu ya mji ilikwenda moja kwa moja mpaka kituoni, kisha ikakatika. Palipaswa kuwa na reli. Badala yake palisimama ukuta mkubwa mpaka mawinguni, na juu ya ukuta mwanamke mrefu kama mnara amelala ubavu, anacheka na usingizi, na chini yake maandishi mekundu: MAGODORO YA RAHA. HUTAKI KUAMKA.

Nikapiga magoti kwa kicheko. Tangazo! Sheria ya kazi yetu ni moja: jambo kubwa liweke juu, maana nafasi ikipungua mhariri hukata kutoka mkiani. Nami siku ile, kwa ulevi wa raha, niliweka jambo tamu kuliko yote mwisho kabisa, katika aya ya tisa. Mchana wake likaja tangazo la magodoro, likachukua nafasi. Bwana Mshindo alikata mkia. Aya nane zikatoka.

Chini ya ukuta ule, mbele ya kituo, alikaa Bi Somoe. Jiko la mkaa, kikaango cha vitumbua chenye mashimo saba, bakuli la unga wa mchele, kanga ya kijani niliyomchagulia. Nyuma ya magodoro treni ikapiga honi. Bi Somoe akasimama, akajifuta unga mikononi, akatazama. Akaona godoro. Akakaa, akamimina unga kwenye mashimo. Honi ikalia. Akasimama, akajifuta, akatazama. Hivyo ndivyo ilivyokwisha aya ya nane: "Kila treni inapopiga honi husimama, hujifuta mikono, hutazama." Niliisifu sana sentensi hiyo wakati naiandika.

Nilisogea.

"Shikamoo, Bi Somoe."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka mvi. "Unaniamkia mimi? Hebu jitazame."

"Nilipokuandika ulikuwa mkubwa kwangu."

"Na umri wangu ukauacha papo hapo. Arobaini na nane, mwaka hadi mwaka. Kuna wanawake wangekushukuru." Akageuza kitumbua kimoja kwa kijiti. "Aya ya tisa iko wapi?"

"Ilikatwa."

"Kwamba ilikatwa najua, hili godoro naliona. Nakuuliza ilisema nini. Binti yangu Arafa alishuka, au hakushuka?"

Nikafungua mdomo. Nilitafuta kichwani, chini, juu, katika kila pembe. Nilikumbuka furaha ya kuiandika. Nilikumbuka kalamu, bluu, inavuja. Maneno yenyewe sikuyakumbuka hata moja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote.

"Sikumbuki," nilisema.

Honi ikalia. Akasimama, akajifuta mikono.

"Mwandishi," alisema akiwa amesimama, "mimi sijamaliza kikombe cha chai nikiwa nimekaa, miaka kumi na tisa. Na wewe hukumbuki."

"Nitaandika nyingine! Sasa hivi!" Daftari tayari lilikuwa mkononi. "Atashuka. Atakuwa na sanduku jekundu, atakuona, ataliacha sanduku aje mbio..."

"Weka kalamu chini."

"Nataka kukusaidia, Bi Somoe."

"Huyo wa sanduku jekundu mimi simjui. Utaniletea mtoto wa watu nimkumbatie?"

Nikaweka kalamu chini. Vitumbua vilichemka katika mafuta.

"Kazi yako ni nini?" aliniuliza, sasa kwa upole kidogo.

"Kuandika habari."

"Na kabla ya kuandika?"

Nilimtazama. Nilihisi kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akaipata usoni pake. Katika maisha yangu yote nimewauliza maswali marais na wezi, na huyu mwanamke, ambaye habari yake ilinipa cheti chenye fremu ya dhahabu, sijamuuliza hata swali moja!

"Arafa ni mtu wa namna gani?" niliuliza.

"Hapendi vitumbua," alisema Bi Somoe.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Anasema vinamnukisha mafuta nywele. Anatumia mkono wa kushoto. Bibi yake alimfunga ule mkono kwa kitambaa mwezi mzima ili aache, hakuacha. Ana hasira za karibu, zinakuja zinapita. Mimi zangu hazipiti."

"Kwa nini aliondoka?"

"Kwa ajili ya redio. Alikuwa anasikiliza idhaa za mbali, lugha hata hazijui. Nilikuwa naumwa kichwa, nikamwambia zima. Akasema, katika nyumba hii hata kusikia kwingine ni kosa. Nikamwambia basi nenda huko kwingine." Akashika kijiti hewani. "Akaenda. Mimi ndiye niliyemwambia aende. Hilo uliliandika?"

"Sikuliandika."

"Uliandika 'mama mwenye subira'. Nimeisoma hiyo mpaka nimeichukia. Subira gani? Mimi nataka kumwomba radhi, roho inaniwaka."

Ndipo mji ulipoanza kutikisika. Nilisikia nyuma yangu mlango ukibamizwa kwa nguvu, kisha kicheko kinene cha mtu aliyefunga shuka: amefunga nyumba yake! Nikageuka. Nyumba zilikuwa zinaota migongo, majiko, kamba za nguo, vyoo, kuku. Ng'ombe alipata kivuli akakishangaa. Yule msichana wa taya alikuwa amekaa barabarani analia kwa sauti ya juu, kilio kizuri, kilichochelewa, na wenzake wakimtazama kwa wivu kabla hawajaanza wao. Na saa ya kituo, nawaapia, ilisema saa nne na dakika moja! Kila alichosema Bi Somoe ambacho mimi nisingeweza kukibuni kilikuwa kinaupa mji uhai. Nilitaka kuruka. Nilitaka kumuuliza maswali mpaka mwisho wa dunia.

Magodoro tu ndiyo hayakusogea.

"Arafa yumo katika hiyo treni?" niliuliza.

"Sijui. Labda yumo, labda hayumo. Sitaki uniambie. Nataka treni isimame nitazame mwenyewe." Aliinama akachukua rundo la magazeti ya kufungia vitumbua, na wembe. "Mimi nakata haya kila siku, nimeyajua yalivyo. Ukitaka nafasi chini, punguza juu. Hicho kipande chako unacho?"

Nikakitoa kwenye pochi. Tukakilaza juu ya kibao chake, vichwa vyetu vikikaribiana. Nikaweka wembe kwenye aya ya pili, soko.

"Hapo watu wanapata riziki," alisema.

Nikahamia ya tatu.

"Na watoto? Ndiyo kwanza wamejifunza kulia."

Ya nne, ya tano, ya sita. Kila aya niliyoigusa ilikuwa na mtu ndani. Wembe ukarudi, ukapanda, mpaka ukafika juu kabisa. Aya ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko zote. Ilikuwa na daraja, mto, hatari, jasho, viatu vya ngozi ya kahawia. Haikuwa na mtu yeyote isipokuwa mimi.

"Nikikata hii," nilisema, "nitakuwa sikufika."

"Ndiyo."

"Sitakuwepo treni ikisimama. Sitamwona akishuka."

"Ulikuja umwone wewe, au nimwone mimi?"

Nilitaka kumwona! Nisijifanye malaika hapa. Nilitaka kuuona ule mkono wa kushoto ukishika nguzo ya behewa. Nilitaka kuona mama atasema nini kwanza, kwa maana hilo neno la kwanza ndilo nililolifuata nchi arobaini na moja bila kujua. Kila kitu ndani yangu kilisema baki, andika, hii ndiyo habari ya maisha yako. Dakika moja tu. Kutoka pembeni. Hawatakuona. Mimi ambaye sina jina, nani ataniona? Honi ikalia, ndefu kuliko zilizotangulia, na Bi Somoe akasimama akajifuta mikono, nami nikaona mikono yenyewe, imepasuka vidoleni kwa kufutwa.

Nikakata.

Wembe ulikuwa mkali. Aya ya kwanza ilijikunja kama ganda la kitunguu ikapeperuka. Aya nyingine zikapanda juu kuziba pengo, mji mzima ukapanda pamoja nazo huku kuku wakipiga kelele, na kule chini magodoro yakarudi nyuma kwa mkwaruzo mkubwa, na chini yake, inang'aa, niliona reli. Zaidi ya hapo sikuona kitu.

Simu ilikuwa inalia juu ya kaunta ya nyumba ya wageni. Niliipokea kwa mkono wangu wa miaka kumi na tisa iliyopita, usio na mikunjo. Miguu yangu ilikuwa mitupu juu ya sakafu baridi. Saa ya ukutani, saa nne na dakika mbili, Alhamisi. Kando yangu Mponda dereva alikuwa anamalizia sahani yake.

"Umefika?" aliuliza Bwana Mshindo.

"Sikufika."

"Hujafika bado?"

"Sikufika, Bwana Mshindo. Daraja limekwenda na maji. Mji uko ng'ambo na una watu wake. Mimi siwajui."

Nikasikia akipumua puani. "Sasa nafasi yako kwenye ukurasa niijaze nini?"

"Weka magodoro!" nilimwambia, nikakata simu. Mponda alinitazama akaacha kutafuna.

Nikatoka mbio mpaka mtoni. Maji yalikuwa mekundu, mapana, yanabeba miti mizima. Ng'ambo niliona mapaa tu, na moshi mwembamba wa jiko. Treni ikapiga honi. Nikashika kifua. Nikasikia vyuma vikisaga vyuma, polepole, polepole zaidi, kisha mlio mrefu wa breki, kisha kimya ambacho sijawahi kukisikia katika nchi yoyote. Imesimama!

Nikajizuia. Wallahi nilijizuia, nikahesabu mpaka ishirini. Kisha nikaweka mikono mdomoni nikapiga kelele juu ya maji kwa nguvu zangu zote:

"Bi Somoe! Ameshuka?"

Mto ulinguruma. Kisha sauti ya mwanamke ikavuka, imekatikakatika, ina haraka na hasira na machozi:

"Nani huyo?"

"Mwandishi wa habari!"

"Ngoja kwanza! Tunasalimiana!"

Nikakaa juu ya jiwe, miguu mitupu ndani ya maji, daftari limefungwa mapajani, moyo ukinidunda kama wa mtoto asubuhi ya Idi. Nikangoja.